Maradhi Yasiyotajwa Bila Shahidi

Katika maradhi yote ambayo mzazi huweza kuambiwa na tabibu kwamba mwanawe anayo, ni machache sana yasiyoweza kupewa jina mpaka mama kwanza aseme jambo ambalo, likishatoka kinywani, halirudi. Mwenye selimundu hujulikana kwa damu yake, na mwenye mguu kifundo kwa mguu wake. Lakini mtoto aliyedhuriwa na pombe kabla ya kuzaliwa, ambaye maradhi yake matabibu wa siku hizi huyakusanya chini ya kifupisho cha FASD, aghalabu hujulikana kwa ushahidi wa mtu mwingine, na mtu huyo ndiye ambaye ushahidi huo unamwelemea yeye mwenyewe. Naamini kwamba sehemu kubwa ya masaibu wanayoyapata wazazi na walezi katika kulitafuta jina la maradhi haya, yaani kuchelewa kwake, machungu yake na hata faraja yake ya ajabu, hutokana na sharti hili moja zaidi kuliko uchache wa madaktari au ugumu wa elimu yenyewe.

Ilivyo ni kwamba pombe anayoinywa mama hupita katika kondo la nyuma bila kizuizi, na baada ya muda mfupi damu ya kijusi huwa na kileo takriban sawa na damu ya mama, ilhali ini lake halijapata nguvu ya kukivunjavunja. Ubongo hujengwa tangu majuma ya mwanzo mpaka siku ya kuzaliwa na baada yake, kwa hiyo hakuna mwezi wa mimba ambao ubongo u salama. Uso hauko hivyo. Alama tatu ambazo matabibu huzitafuta usoni, yaani macho yenye mpasuo mfupi, mdomo wa juu mwembamba, na ule mfereji ulio baina ya pua na mdomo kuwa bapa, hutokana na madhara yanayoingia katika siku chache tu karibu na juma la tatu la mimba, wakati ambapo wanawake wengi hata hawajajua kwamba wameshika mimba. Kathleen Sulik wa Chuo Kikuu cha North Carolina alilidhihirisha jambo hili mwaka 1981 kwa panya: aliwapa kileo siku ya saba ya mimba, wakazaliwa wana wenye nyuso za namna ileile iliyoonekana kwa watoto wa binadamu. Basi mama ambaye hakunywa siku hizo, akanywa miezi sita iliyofuata, huweza kumzaa mtoto mzuri wa sura ambaye ubongo wake umedhurika vilevile. Wenye alama zote tatu ni wachache miongoni mwa wagonjwa wote. Walio wengi hupita barabarani na kukaa darasani bila ya mtu kuwatambua.

Elimu yenyewe si ngeni kama inavyodhaniwa. Mwaka 1899 William Sullivan, daktari wa gereza la Liverpool, aliwachunguza wafungwa wanawake waliozoea ulevi, akaona kwamba watoto wao walikufa au walizaliwa wafu kwa wingi kuliko watoto wa ndugu zao wasiokunywa, na akaona jambo lililo zito zaidi: kwamba baadhi ya wanawake hao, waliofungwa mimba ikiwa changa na hivyo wakatengwa na pombe kwa nguvu ya kufuli, walijifungua watoto wenye siha. Jela iliwafanyia wema ambao uraiani hakuna aliyewafanyia. Mwaka 1968 Paul Lemoine na wenzake wa Nantes, Ufaransa, walichapa habari za watoto 127 wa wazazi walevi katika jarida la utabibu la jimboni mwao, na waliowasikia walikuwa wachache. Ilikuwa mpaka mwaka 1973, pale Kenneth Jones na David Smith wa Seattle, wakifuata njia iliyoanzwa na daktari kijana Christy Ulleland aliyekuwa amegundua kwamba watoto wachanga waliokataa kukua wadini mwake walikuwa aghalabu wa akina mama walevi, walipoandika katika jarida la The Lancet na kuyapa maradhi haya jina, ndipo dunia iliposikia. Jina walilolichagua lilikuwa na pombe ndani yake. Na hapo ndipo mambo mawili, maradhi ya mtoto na mwenendo wa mama, yalipofungwa pamoja katika fundo ambalo halijafunguliwa hadi leo.

Anayetaka kuona fundo hilo na aingie pamoja na mlezi katika kliniki ambamo uchunguzi hufanywa. Mtoto hubandikwa kidoa cha karatasi kwenye paji la uso, hupigwa picha, na kwa kuwa upana wa kidoa hicho unajulikana, upana wa macho hupimwa kutoka katika picha. Tabibu hushika kadi yenye picha tano za midomo, kutoka ule wenye mfereji mrefu uliochimbika hadi ule ulio bapa kabisa, akazilinganisha na mdomo ulio mbele yake. Nazo kadi ni mbili, moja kwa Wazungu na nyingine kwa Wamarekani weusi, kwa sababu mdomo ulio mwembamba kwa watu wa asili moja si mwembamba kwa watu wa asili nyingine. Kisha huja mtaalamu wa akili na michezo yake ya kupanga na kukumbuka, mtaalamu wa matamshi, na mtaalamu wa mikono na mwendo. Katika utaratibu uliotungwa na Susan Astley na Sterling Clarren huko Seattle mwaka 1997, matokeo huandikwa kwa tarakimu nne, kila moja kuanzia 1 hadi 4: ya kwanza ni ya kukua kwa mwili, ya pili ni ya uso, ya tatu ni ya ubongo. Tarakimu tatu hizi humpima mtoto. Ya nne humpima mama.

Mwongozo wa Kanada wa mwaka 2016 umelieleza sharti hilo bayana. Ubongo hugawanywa katika nyanja kumi, na mtoto akiwa na udhaifu mkubwa katika nyanja tatu au zaidi, na alama zote tatu za uso zikiwapo, hukubaliwa bila ya kumwuliza mtu yeyote juu ya pombe; bali alama za uso zisipotimia, lazima ithibitike kwamba mama alikunywa akiwa mja mzito. Tazama insafu ya jambo hili. Watoto wawili wenye ubongo uliodhurika sawasawa, mmoja huaminiwa kwa sababu ya mdomo wake, na mwingine hungoja mtu aseme. Na kama aliyepaswa kusema amekwisha kufa, au hajulikani aliko, au jina lake limefungiwa katika faili ya mahakama ya nchi nyingine, mtoto hungoja bila kikomo. Siwalaumu walioandika mwongozo, maana udhaifu wa namna hiyo huweza kuletwa pia na njaa, na mateso, na urithi wa ukoo, wala haifai kumtuhumu mama kwa dhana tupu. Lakini uadilifu kwa mama umelipwa kwa mfuko wa mtoto.

Waliolipa zaidi ni walezi na wazazi wa kuasili. Watoto wengi walioasiliwa kutoka Ulaya ya Mashariki na kupelekwa Marekani au Skandinavia walifika na karatasi zisizotaja pombe, au zilizoitaja kwa neno moja lisiloeleweka. Huko Sweden, Magnus Landgren na wenzake waliwachunguza watoto 71 wa namna hiyo, wakaandika mwaka 2010 kwamba zaidi ya nusu yao walikuwa na madhara ya pombe. Marekani nako, Ira Chasnoff alieleza mwaka 2015 habari za watoto wa kulelewa na wa kuasiliwa waliopelekwa katika kituo chake kwa matatizo ya tabia: miongoni mwa waliokutwa na FASD, zaidi ya wanane katika kila kumi walikuwa hawajapata kutambuliwa au wamepewa jina lisilo lao. Majina hayo yanajulikana, mlezi huyapokea moja baada ya moja kila mwaka wa shule: hana utulivu, ana usonji, hakupata mapenzi alipokuwa mchanga, mkaidi, mwongo. La mwisho katika orodha, lisiloandikwa katika cheti bali husemwa kwa macho, ni kwamba mama huyu hajui kulea.

Uwongo wa watoto hawa unastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa kuwa ndio unaozivunja nyumba. Mtoto wa miaka tisa huulizwa, Viatu vyako viko wapi? Naye hujibu bila kusita kwamba mwalimu amevichukua, hutaja saa, hutaja mlango aliosimama mwalimu, na viatu viko chini ya kitanda. Hakukusudia kudanganya; kumbukumbu yake ina mwanya, na akili yake huujaza mwanya huo kwa kitu chochote kilicho karibu, kisha huamini alichokijaza. Jumatatu alizijua hesabu za kuzidisha, Jumatano hazimo, Ijumaa zimerudi. Akiadhibiwa hulia kwa uchungu wa kweli na kesho hurudia lilelile, maana kuunganisha tendo na matokeo yake ndiyo kazi ambayo ubongo wake hauiwezi. Nasaha zote wapewazo wazazi, za zawadi kwa jema na adhabu kwa baya, zimesimama juu ya kiungo hicho ambacho hakipo. Hivyo mzazi aliyefuata nasaha kwa uaminifu zaidi ndiye anayeshindwa vibaya zaidi, na huanza kuamini lile lililokuwa likisemwa kwa macho.

Kwa mlezi wa namna hiyo, siku jina linapotajwa ni siku ya faraja. Wengi wameeleza kwamba walilia, na kwamba machozi yalikuwa ya furaha na huzuni pamoja: furaha kwa kuwa mtoto si mwovu wala wao si wazembe, na huzuni kwa kuwa lililodhaniwa litapita kumbe ni la maisha. Wapo wanaoghadhibika kwa miaka iliyopotea. Bonnie Buxton wa Toronto, mama wa kuasili, aliandika kitabu juu ya miaka yake ya namna hiyo, na yeye na mumewe Brian Philcox, pamoja na Teresa Kellerman wa Arizona, ndio walioianzisha siku ya tarehe 9 Septemba, saa tatu na dakika tisa asubuhi, kuwa ukumbusho wa miezi tisa ya mimba, kuanzia mwaka 1999. Ni ada njema. Walakini ilianzishwa na walezi, na sauti zilizosikika mwanzoni zilikuwa aghalabu za walezi, kwa sababu mlezi husema bila ya kujishtaki.

Mama mzazi huingia chumba kilekile kwa mlango mwingine. Jina linalomfariji mlezi humwambia yeye: ni wewe. Kathleen Mitchell wa Marekani, ambaye binti yake alitambuliwa akiwa na miaka 16 baada ya matabibu kuyaita maradhi yake jina jingine, amelisimulia jambo hilo hadharani na kuwakusanya wanawake wenzake katika jamii ya kutiana moyo. Ni wachache walio na ujasiri huo, na wenye ujasiri huo wamekutana na matusi. Hofu ya wengine si ya fedheha tu. Uingereza, baraza moja la mji lililokuwa likimlea mtoto liliomba alipwe fidia ya mhanga wa jinai, kwa hoja kwamba mama alimpa sumu tumboni. Mahakama ya Rufani ilikataa mwezi Desemba 2014, ikasema kwamba kijusi si mtu mbele ya sheria hiyo. Mama hakuhesabiwa kuwa mhalifu, lakini kila mja mzito aliyesikia habari ile alijifunza kwamba maneno aliyomwambia mkunga yaweza siku moja kusomwa mahakamani. Miaka michache baadaye taasisi ya NICE, inayoweka viwango vya tiba katika nchi hiyo, ilipendekeza kwamba unywaji wa mama uandikwe na kuhamishwa katika kumbukumbu za mtoto; watetezi wa wanawake wakapinga, na kiwango kilipotoka mwezi Machi 2022 pendekezo la kuhamisha halikuwamo. Pande zote mbili zilikuwa na haki. Mwanamke anayejua kwamba anaandikwa hasemi, na mtoto ambaye hakuandikwa hatambuliwi.

Wapo waliotaraji kumpumzisha mama kwa kumtafuta shahidi asiyesema, na kweli amepatikana: kinyesi cha kwanza cha mtoto mchanga, kile cheusi, huhifadhi mabaki ya kileo cha miezi ya mwisho ya mimba. Bali hukusanywa siku mbili tatu za mwanzo tu, na hakina habari za majuma ya awali. Hamfai mtoto wa miaka tisa.

Na baba? Katika tarakimu zote nne hana hata moja. Aliyemimina, aliyekuja na chupa, aliyekuwa akimpiga mkewe mpaka akaona pombe ni sitara, hukaa nje katika benchi la kungojea, au hayupo. Majaribio ya siku hizi juu ya panya, yakiwamo ya Michael Golding wa Texas, yameanza kuonyesha kwamba ulevi wa dume kabla ya mimba nao huacha alama katika sura ya wana. Ikithibiti kwa binadamu, karatasi ya kliniki itahitaji swali la tano.

Baada ya jina huja swali, Sasa tufanye nini, na hapo nyumba nyingi hugutuka tena. Katika utafiti mkubwa wa Ann Streissguth wa Seattle, uliomalizika mwaka 1996 na kuwahusu watu 415, wastani wa kipimo cha akili kwa wenye alama kamili ulikuwa 79, na kwa wasiozitimiza ulikuwa 90. Sheria za nchi nyingi humhesabu mtu kuwa mlemavu wa akili akiwa chini ya 70. Alhasili walio wengi wana akili kupita kiasi cha kusaidiwa na hawana akili ya kutosha kujisaidia. Kati ya waliofika miaka 12, takriban watu sita katika kila kumi walikuwa wamekatizwa masomo, na idadi kama hiyo walikuwa wamegongana na sheria. Huko Australia Magharibi, vijana 99 walipopimwa katika gereza la watoto la Banksia Hill, 36 walikutwa na FASD, na kati yao ni wawili tu waliokuwa wamejulikana kabla. Streissguth alionyesha pia kwamba kutambuliwa mapema na kukulia katika nyumba iliyotulia hupunguza hatari hizi mara mbili hadi nne, nayo ndiyo hoja kubwa ya kulitafuta jina ingawa haliambatani na dawa.

Hadi hapa nimesema juu ya nchi ambamo mzazi humtafuta tabibu. Afrika Kusini tabibu ndiye aliyemtafuta mzazi. Katika mashamba ya zabibu ya Rasi Magharibi vibarua walilipwa kwa karne nyingi sehemu ya ujira wao kwa mvinyo, utaratibu ulioitwa dop, na ingawa sheria ililikataza jambo hilo tangu mwanzo wa miaka ya 1960, liliendelea kwa siri na mazoea yake yakabaki. Denis Viljoen na Philip May walipoingia shule za mji wa Wellington mwaka 1997, walipima urefu, uzito na mzingo wa kichwa wa kila mtoto wa darasa la kwanza, wakakuta kati ya watoto 40 na 46 katika kila 1000 wenye alama kamili. Mama wa watoto hao waliulizwa juu ya pombe, nao mama wa watoto wazima wakaulizwa maswali yaleyale. Naona tofauti kubwa hapo na kliniki, ambamo huulizwa mama anayetuhumiwa peke yake. Wala asijifariji mtu kwamba haya ni maradhi ya vibarua: makadirio yaliyochapwa mwaka 2017 yaliweka wastani wa dunia karibu watoto 8 katika 1000, na Ulaya, penye hospitali bora na vinywaji ghali, karibu 20.

Mfano ulionivuta zaidi ni wa mji mdogo wa Fitzroy Crossing, Australia Magharibi, ambako wanawake wa wenyeji wa asili, wakiongozwa na June Oscar na Emily Carter, baada ya mazishi mengi ya vijana waliojiua, walidai mwaka 2007 kwamba pombe yenye nguvu kamili isiuzwe tena ya kuchukuliwa nyumbani, wakapingwa hata na watu wao, wakapata. Kisha wao wenyewe wakawaita madaktari wawachunguze watoto wote waliozaliwa mwaka 2002 na 2003 katika bonde lao. Katika familia 134 zilizostahili, 127 zilikubali, kiwango ambacho mtafiti wa mjini hukiota tu. Kila mama au mlezi aliulizwa, si waliotuhumiwa peke yao, na zaidi ya nusu walisema kwamba mama alikunywa. Watoto 108 walipimwa, 21 wakakutwa na FASD, na kila mtoto, mwenye jina na asiye nalo, aliandikiwa la kufanyiwa. Kwa kuwa swali lilikuwa la wote, jibu halikuwa la kumwumbua mmoja.

Huku kwetu Afrika ya Mashariki matabibu wa ukuaji wa watoto ni wachache na wako miji mikubwa, na mtoto wa viatu vilivyo chini ya kitanda huitwa mtukutu, au kichwa kigumu, au husemwa kwamba ana shetani. Pombe haikosekani: mbege Kilimanjaro, ulanzi Iringa, busaa magharibi ya Kenya, mnazi katika pwani, gongo na chang'aa kila mahali, na kabla Tanzania haijaipiga marufuku mwezi Machi 2017, pombe ya viroba iliuzwa kwa bei ya karanga. Mkunga anayeuliza, Je, unatumia pombe?, huku wifi amesimama kando na foleni inasikiliza, atajibiwa La, na pengine anayejibu hasemi uwongo, maana aliyelelewa kuiona mbege kuwa ni chakula cha ukoo huenda asiiweke katika fungu hilo. Na aulize kwa jina la kinywaji, faraghani, na amwulize kila mwanamke bila kuchagua. Kwa Mwislamu wa pwani ambaye kwake kinywaji ni haramu, neno Ndiyo lina gharama mbili, ya mtoto na ya dini, na mkunga asiyeweza kumhakikishia siri hana haki ya kulidai.

Limebaki jambo moja ambalo miongozo hulipitia upesi. Watafiti wa Wellington waliona kwamba mama wa watoto waliodhurika walikuwa, kwa kulinganishwa na majirani zao, wafupi zaidi, wembamba zaidi, na wenye vichwa vidogo zaidi. Njaa ya utotoni huweza kuyaeleza hayo. Lakini wengi wao huenda walizaliwa katika mashamba yaleyale, na mama zao huenda walikunywa mvinyo uleule wa ujira. Katika kliniki za Kanada nazo hutokea kwamba mama aliyemleta mwanawe huzisikia dalili zikisomwa, kusahau, kupotea katika saa, kutokumbuka jana, akauliza kwa sauti ya chini kama na yeye aweza kupimwa. Huyo ndiye shahidi ambaye tarakimu ya nne inamtaka akumbuke ni majuma yapi ya mimba alikunywa, na mara ngapi, na kiasi gani.